Shukrani ya punda ni mateke? Tuulize kwanza nani alianza



Kila siku ya soko, asubuhi sana, mtu akisimama kwenye barabara inayopanda kutoka ziwani kuelekea soko la Kadutu, ataona kitu ambacho sisi wote tumezoea mpaka hatukioni tena. Mama ameinama, kamba imepita kwenye paji la uso, mgongoni gunia la makala au la mihogo, kilo 50, mara ingine zaidi. Anatazama chini tu, maana shingo haiwezi kuinuka. Na nyuma yake mwingine, na mwingine tena. Ni hivyo hivyo njia ya Mudaka, njia ya Mugogo, njia ya Nyangezi. Ng'ombe zetu vita ilizimaliza kwa sehemu kubwa, na pikipiki haifiki kila shamba. Mgongo wa mama ndio umebaki kuwa kamio yetu.

Kwa hiyo, tunapozungumza habari ya punda, hatuzungumzi habari ya mchezo. Upande wa Fizi punda walishaletwa ili kupunguzia wamama mizigo, na koperative nyingi za milimani zimeanza kutuuliza: na sisi, lini? Jibu letu leo litawashangaza wengine. Tunasema: msipokee punda hata mmoja mpaka mkubaliane kwanza nani atamfundisha, na kwa muda gani. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe, wataalamu, tulikosea.

Tueleze kosa letu. Miaka michache iliyopita tulipeleka punda 6 kwa kikundi kimoja cha wakulima. Walikuwa wadogo, wengine hawajafikisha miaka 2. Tulifanya mafunzo ya siku 2 chini ya mti: magonjwa, chakula, daftari la kumbukumbu. Siku ya tatu ikawa sherehe ya kukabidhi. Wageni walikuwepo, ngoma ilikuwepo, na mtu akasema, tupige picha nzuri. Punda dume mmoja akawekewa magunia mawili ambayo hajawahi kuyaona maishani, na juu yake akapandishwa kijana mdogo. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Punda akasimama kimya kabisa, miguu imekaza, masikio yamelala nyuma. Tukacheka, tukasema, tazama, amekubali. Hakuwa amekubali. Alikuwa ameganda kwa woga. Mtu mmoja akamchapa fimbo ili atembee, na hapo akaruka. Mtoto akaanguka, akavunjika mkono. Mkono ulipona, tunamshukuru Mungu. Punda yule hakupona. Kuanzia siku ile hakukubali mtu amkaribie kwa nyuma wala amguse mgongo. Alifungwa kwenye mti miezi mingi, na mwishowe akauzwa. Mzee mmoja wa kikundi alituambia mbele ya wote: «Bwana agronomu, ile punda yenu haiko mnyama, iko shetani.»

Tulinyamaza. Lakini tungekuwa wakweli tungemjibu: hapana muzee, ni sisi tulimfundisha ushetani kwa dakika 10.

Kuna methali ambayo kila mtu anaijua: shukrani ya punda ni mateke. Watu wa zamani walikuwa na sababu yao ya kuisema, na juu ya binadamu wasio na shukrani ni methali ya kweli. Lakini juu ya punda mwenyewe tunaona kama imemsingizia. Teke la punda ni neno lake la mwisho. Kabla ya hilo alishasema maneno mengine matatu au manne, na hakuna aliyesikiliza.

Tuanze na kumjua. Punda ni mtoto wa Afrika yetu. Wachunguzi wa damu za wanyama wanasema alianza kufugwa upande huu wa Afrika ya Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Mababu zake waliishi jangwani, kwenye mawe, kila mmoja peke yake au wachache tu. Farasi akiogopa anakimbia, kwa sababu alizaliwa kwenye majani mapana pamoja na kundi kubwa. Punda akiogopa anasimama kwanza, anafikiri. Sisi tunaita hiyo kichwa ngumu. Siyo kichwa ngumu. Anauliza: je, hapa nikipita nitakufa? Ukimpiga wakati huo, umemjibu: ndiyo, utakufa. Ukimngoja dakika moja, ukatangulia wewe kukanyaga ile daraja ya miti, mara nyingi atakufuata.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona mbali sana kushoto na kulia, lakini hamuoni mtu aliye nyuma kabisa ya mkia, wala kilicho chini ya pua yake. Mtu akimtokea nyuma bila kusema kitu, kwake ni chui. Ndiyo maana tunasema: mwendee upande wa bega, ukiongea, mkono ukiwa chini.

Jambo la pili ni umri. Mifupa ya punda inachelewa kukomaa. Mnyama wa miaka 2 anaonekana mkubwa, lakini mgongo wake bado ni mti mbichi. Kufuata kamba na kuguswa mwili, hayo afundishwe tangu utoto, hata akiwa bado ananyonya. Mzigo mwepesi ungoje miaka 3. Mzigo kamili ungoje miaka 4. Muuzaji akiwaambia umri, msiamini mdomo wake, fungueni mdomo wa punda. Meno mawili ya mbele ya katikati yanabadilika karibu na miaka 2 na nusu, yanayofuata pembeni karibu na miaka 3 na nusu, na ya mwisho karibu na miaka 4 na nusu. Kama meno ya utoto bado yako katikati, huyo ni mtoto. Mrudishieni mwenyewe, au mkubali kumlisha na kumngoja.

Sasa namna ya kumfundisha. Hatusemi ni siri. Mtu yeyote mwenye subira anaweza, na tumeona wamama wanaweza kushinda vijana, kwa sababu wamezoea kulea.

Wiki mbili za kwanza hakuna kazi yoyote. Mtu mmoja, huyo huyo kila siku, anamletea maji na pumba kidogo mkononi. Anakaa karibu naye, anaongea. Anamgusa shingo, kisha bega, kisha mgongo, kisha tumbo, na mwisho miguu. Dakika 15 asubuhi, dakika 15 jioni, inatosha. Na kuna sheria moja hapa: umalize wakati yeye ametulia. Ukiondoka wakati anatetemeka, amejifunza kwamba kutetemeka kunamfukuza mtu. Ukiondoka wakati ametulia, amejifunza kwamba utulivu ndio unaleta mapumziko.

Wiki ya tatu na ya nne ni za kamba ya kichwani. Iwe kamba laini, ya katani au ya kitambaa kilichosukwa, siyo nailoni inayokata ngozi. Mfundishe kufuata. Ukivuta kidogo naye akapiga hatua moja, legeza kamba mara moja. Kule kulegeza ndiyo asante yake. Anayevuta bila kulegeza anamfundisha punda kuvuta pia, na punda atamshinda. Chagueni maneno mawili tu, «twende» na «simama», na koperative nzima itumie hayo hayo. Punda hawezi kujifunza Mashi, Kifulero, Kibembe na Kifaransa siku moja.

Wiki ya tano na ya sita, gunia tupu. Aone, anuse, alilambe akitaka. Msugue nalo begani, kisha mgongoni, liondoe. Kesho tena. Akizoea, weka tandiko na funga mkanda wa tumboni kwa kulegea, mtembeze. Kaza kidogo siku inayofuata. Kisha jaza magunia majani makavu: yana sauti, yana upana, lakini hayana uzito. Hapo ndipo atajifunza kwamba kitu kinachomgusa mbavuni anapopita mlangoni siyo mnyama mkali.

Wiki ya saba na ya nane, kilo 5 kila upande, sawasawa. Kwanza mahali tambarare, kisha mteremko mdogo, kisha njia yenyewe ya soko, lakini siku isiyo ya soko. Asikie motari akipiga honi, aone mwavuli ukifunguka, avuke kijito. Mzigo ukae mbavuni pande zote mbili, usilale juu ya uti wa mgongo.

Na mtu, je? Wengi wanatuuliza hilo, kwa sababu milimani kwetu mgonjwa au mama mwenye mimba anaweza kubebwa kwenye kitanda cha miti saa nyingi mpaka kituo cha afya. Punda anayekubali mtu anaweza kuokoa maisha. Lakini mtu ni mzigo wa ajabu: anasogea, anaongea, na amekaa mahali ambapo chui angekaa. Kwa hiyo mtu awe wa mwisho, baada ya punda kuzoea magunia miezi kadhaa na kufikisha umri wake. Kwanza simama juu ya jiwe kando yake, ili akuone ukiwa juu. Fanya hivyo siku nyingi. Kisha egemea mgongo wake kwa mikono. Kisha mtu mwepesi alale kwa tumbo juu yake, kama gunia, nusu dakika, ashuke. Mwenye kamba asimame kichwani, aongee naye. Siku ingine apitishe mguu, akae, ashuke. Siku ingine hatua tatu. Asiyeharakisha hapa hahitaji mtu wa kumshikilia punda kwa nguvu.

Na uzito tusisahau. Punda wengi wa huku kwetu wana kilo kati ya 120 na 160. Mzigo wake usipite theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50, na kupanda mlima upunguzwe. Huko Uingereza, punda wanaopandwa na watoto kando ya bahari hawaruhusiwi kubeba mtu anayepita kilo 50. Basi mwanaume mzima wa kilo 75, anayepanda punda kwenda kunywa kasiksi, huyo hasafiri, anamvunja mnyama wa koperative.

Tunajua wengine watasema, haya ni mambo ya wazungu, mnyama wa Afrika anaelewa fimbo. Tuwakumbushe habari ya nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Uele, kaskazini ya Kongo, kulikuwa na kituo cha kufundisha tembo, kwanza Api, baadaye Gangala na Bodio. Dunia nzima ilikuwa imesema tembo wa Afrika hafundishiki. Namna walivyokamatwa haikuwa ya upole, hilo tuliseme wazi. Lakini baada ya kukamatwa, waliofanya kazi ile ya kila siku walikuwa Wakongomani, wengi wao Wazande. Walikaa na tembo mchanga, wakamlisha kwa mkono, wakamuimbia, na wakamfunga karibu na tembo mkubwa aliyekwisha kufundishwa, ili aige utulivu wake. Kiisha mtu akapanda mgongoni, na tembo wakavuta magari na kulima mashamba. Tembo huyo angeweza kumuua mwalimu wake kwa pigo moja. Fimbo peke yake isingetosha.

Somo moja la hapo tulichukue moja kwa moja: punda mchanga asifundishwe peke yake. Kama kuna punda mkubwa mtulivu kwenye kikundi cha jirani, muazimeni hata mwezi mmoja. Mdogo atatembea nyuma yake, na nusu ya kazi yenu itafanywa na mnyama mwenzake.

Tuje sasa kwenye neno zito zaidi. Tulipoeleza mpango huu wa miezi mbele ya kikundi kimoja, mama mmoja alisimama, akatuambia: «Mugongo yangu iko naniluma leo. Nyinyi munaniambia ningoje miezi?» Hatukuwa na jibu tamu. Ni kweli, mzigo haungoji. Lakini hesabu tuliyomfanyia ni hii. Punda aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 25, hata 30, na kufanya kazi mingi ya hiyo. Punda aliyeharakishwa anaharibika mwaka wa kwanza, kidonda mgongoni, woga kichwani, na mama anarudi kwenye kamba yake, safari hii bila tumaini. Tunasikia methali ya pili, punda afe mzigo ufike. Haya, mzigo wa leo umefika. Wa kesho atabeba nani? Tunajua sote ni nani.

Na hapa hatutaki kuficha jambo. Mara nyingi mnyama akishakuwa mtulivu na kuanza kuleta franka, anabadilisha mwenyewe. Mama ndiye aliyekuwa anabeba, punda aliletwa kwa jina la mama, lakini kamba inashikwa na baba au kijana, wanabeba mizigo ya watu kwa malipo, na mama bado ameinama barabarani. Maoni yetu ni kwamba mafunzo ya upole yanaweza kusaidia hata hapo. Punda anamjua aliyemlea. Kama mama ndiye aliyempa pumba wiki mbili za kwanza, ndiye aliyemuwekea gunia tupu, sauti ya mama ndiyo atakayoifuata. Kwa hiyo tunaomba kamati ziandike kwenye sheria za koperative: angalau nusu ya wafundishaji wawe wamama, na siku za punda zigawanywe kwa daftari, siyo kwa nguvu.

Kuna na gharama zingine ambazo tusipozisema tutakuwa tunawadanganya. Punda ni mnyama wa jangwa. Manyoya yake hayazuii maji kama ya wanyama wengine. Na huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5. Bila kibanda chenye paa na sakafu kavu atakohoa na kwato zitaoza. Tambarare ya Ruzizi na Fizi kuna mbung'o na malale ya wanyama, na kupe wako pote. Ongeeni na veterineri kabla ya kununua, siyo baada. Tetanosi, ile Waswahili wa pwani wanaiita pepopunda, inampiga pia: kidonda kidogo cha kamba kinatosha. Kidonda kisafishwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na mzigo upumzike mpaka kipone. Mafuta ya gari na maji ya betri siyo dawa. Na punda akikataa kula siku nzima, msingoje ya pili. Mwili wake unaharibika haraka.

Tena bei. Ngozi ya punda inatafutwa sana huko China kwa kutengeneza dawa, na punda wengi wa Afrika wamechinjwa kwa ajili hiyo. Mwezi wa 2 mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mtu akija na franka mingi kuwanunulia punda aliyefundishwa, mjue kwamba ananunua ngozi tu. Miezi yenu yote ya kazi yeye haihesabu.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwa mashirika, na sisi tukiwemo: tusilete punda wa chini ya miaka 3, na pesa ya mwalimu wa miezi mitatu iwekwe kwenye bajeti kama vile bei ya punda inavyowekwa. Picha ya kukabidhi ipigwe mwisho wa mafunzo. Kwa kamati: chagueni wafundishaji wawili kwa kila punda, mmoja wao mama, na muwape nafuu ya salongo kwa muda huo, maana nayo ni kazi ya wote. Kwa kila mwanakoperative: mkimuona mtoto anamrushia punda mawe, mkatazeni kama vile mngemkataza kukata kahawa changa. Ni mali yenu ileile.

Kikundi kile cha kosa letu kilibaki na punda watano. Tulirudi, tukaomba msamaha, tukaanza upya na gunia tupu. Ilichukua muda mrefu zaidi kuliko ingechukua mwanzo, maana kufuta woga ni kazi kuliko kufundisha. Mara ya mwisho tulipopita, tulikuta mama mmoja anashuka kutoka sokoni, mikono mitupu, anaongea na jirani yake. Kamba ilikuwa imelegea mkononi, na punda alikuwa anamfuata nyuma na magunia yake. Tulimsalimia. Alituangalia machoni kwanza, kiisha akaitika. Tulitembea mbali kidogo ndipo tukakumbuka: miaka yote tuliyomjua, hatukuwahi kumkuta barabarani uso wake ukiwa juu.